Mtumbwi uliofungwa ng'ambo: sheria za Marekani na utafiti wa dawa za maruweruwe

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni muuguzi, niko Morogoro, nasoma shahada ya pili. Katika somo la afya ya akili tulifundishwa kwamba miaka ya 1950 na 1960 madaktari wa Marekani waliwatibu walevi na wenye sonona kwa LSD na dawa ya uyoga, kisha serikali kuu ikatunga sheria na utafiti ukafa kwa miaka 30. Wenzangu wengine wanabisha: sheria haikukataza utafiti hata siku moja, watafiti walikimbia wenyewe. Nani mkweli? Na kama sheria ile bado ipo, mbona tafiti zimerudi?"

Marahaba, dada. Wenzako wanaobisha wameshika nusu ya kweli, na wewe umeshika nusu nyingine. Hakuna kifungu katika sheria za dawa za serikali kuu ya Marekani kinachosema mwanasayansi asiguse LSD. Hakijawahi kuwapo. Lakini anayesema watafiti walikimbia wenyewe, huyo hajawahi kujaza zile fomu. Mimi nimezijaza. Nilikuwa mfamasia wa utafiti katika chuo kikuu kimoja huko, na kwa miaka kadhaa funguo za sefu ya silosaibini, yaani ile dawa ya uyoga, zilikuwa mikononi mwangu na mwa mwenzangu mmoja tu. Kwa hiyo jibu langu litanuka karatasi. Univumilie.

Tuanze na LSD kabla haijawa jina la kutisha. Albert Hofmann aliitengeneza mwaka 1938 katika maabara ya kampuni ya Sandoz mjini Basel, Uswisi, na mwaka 1943 akagundua, mwilini mwake mwenyewe, kwamba inaleta maruweruwe. Kuanzia 1947 Sandoz ikawa inawapelekea madaktari wa magonjwa ya akili kwa jina la Delysid. Mwaka 1958 Hofmann huyohuyo alitenga silosaibini kutoka kwenye uyoga wa Mexico, nayo ikafuata njia ileile. Mtafiti alikuwa akiiandikia kampuni barua, anaeleza anachotaka kufanya, dawa inamfikia. Kufikia katikati ya miaka ya 1960 zilikuwa zimechapishwa makala zaidi ya 1,000, na wagonjwa waliopitia tiba hizo wanakadiriwa kuwa 40,000 hivi.

Nyingi ya makala hizo ni dhaifu, tusifichane. Daktari mmoja, wagonjwa wake kumi na watano, hakuna kundi la kulinganisha, na mwishoni tunaambiwa wengi walipata nafuu. Ukizisoma leo unatamani kumshika mwandishi shati umuulize: nafuu kumzidi nani?

Swali hilo ndilo lililoletwa na sheria ya kwanza, ambayo walimu wengi huiruka. Wao huanza hadithi mwaka 1970. Mimi naianza Oktoba 1962, na chanzo chake hakihusiani na LSD kabisa. Kulikuwa na dawa ya usingizi iitwayo thalidomaidi, wajawazito Ulaya wakaitumia kutuliza kichefuchefu, watoto kwa maelfu wakazaliwa na mikono na miguu isiyokamilika. Marekani iliponea chupuchupu kwa sababu mkaguzi mmoja wa mamlaka yao ya chakula na dawa, FDA, mama mmoja aitwaye Frances Kelsey, aligoma kuipitisha. Bunge lao likashtuka, likapitisha marekebisho yanayojulikana kwa majina ya walioyadhamini, Kefauver na Harris. Tangu siku hiyo mtengeneza dawa hakutakiwa kuonyesha usalama tu. Alitakiwa kuthibitisha kwamba dawa inatibu, kwa majaribio yenye kulinganisha. Na mtafiti yeyote mwenye dawa isiyoidhinishwa alitakiwa kupeleka mpango wake FDA kwanza.

Sheria nzuri hiyo. Mamlaka ya dawa ya nchi yoyote makini leo inafuata mantiki yake, ya kwenu ikiwamo. Ila kwa LSD iliuma pabaya mara mbili. Kwanza, Delysid haikuwa imeidhinishwa, kwa hiyo daktari aliyezoea kuandika barua sasa alitakiwa kufungua jalada serikalini. Pili, jaribio la kulinganisha lataka mgonjwa asijue kapewa dawa au kidonge cha kuzuga. Mtu aliyemeza LSD, ndani ya saa moja anaona ukuta unapumua. Utamfichaje? Fumbo hilo halijafumbuliwa hadi leo, na nitalirudia.

Miaka iliyofuata mambo yalikwenda mbio. Hataza ya LSD, yaani haki ya kuitengeneza peke yake, iliisha 1963, kwa hiyo Sandoz haikuwa na faida ya kuitetea. Mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Harvard kiliachana na Timothy Leary, mwanasaikolojia aliyeanza kama mtafiti wa silosaibini akaishia kuwa mhubiri wake. Dawa ikaingia mitaani. Aprili 1966 Sandoz ilijitoa, na Oktoba mwaka huo California ikaipiga LSD marufuku. Katikati ya hapo, Mei 1966, Seneta Robert Kennedy aliwabana maofisa wa serikali katika kikao cha Seneti, akitaka kujua kwa nini tafiti zilizoonekana na maana muda mfupi uliopita zinazimwa ghafla. Hakupata jibu la kuridhisha. Mwaka 1968 kuwa na LSD mfukoni kukawa kosa la serikali kuu.

Hapa niweke jambo ambalo wapenzi wa dawa hizi hawapendi kulisimulia. Si kila utafiti wa enzi ile ulikuwa wa tiba. Katika kituo cha serikali cha Lexington, Kentucky, mtafiti Harris Isbell, kwa fedha zilizotoka shirika la ujasusi CIA, aliwapa LSD wafungwa waliokuwa waraibu wa heroini, wengi wao Weusi. Baadhi walipewa kila siku kwa siku 77 mfululizo. Kwa hiyo mtu akikuambia sheria ilikuja kuwaharibia wanasayansi wema kazi yao safi, mkumbushe Lexington. Kinachoudhi ni kwamba sheria iliyokuja haikutungwa kwa ajili ya wale wafungwa. Habari zao zilijulikana hadharani miaka ya 1970, sheria ikiwa tayari imesainiwa.

Sheria yenyewe ni ile ya tarehe 27 Oktoba 1970, iliyosainiwa na Rais Nixon. Iligawa dawa zote zinazodhibitiwa katika majedwali matano. La Kwanza ndilo zito, na ili dawa iingie humo husemwa mambo matatu juu yake: inatumiwa vibaya sana, haina matumizi ya tiba yanayokubalika Marekani, na haiwezi kutumika kwa usalama hata chini ya daktari. LSD, silosaibini, na dawa nyingine za maruweruwe kama meskalini na DMT zikatupwa humo pamoja na heroini. Mwaka uliofuata Umoja wa Mataifa ukapitisha mkataba wake wa Vienna wa 1971 wenye sura ileile, na nchi nyingi zikaupokea, Tanzania na Kenya zikiwamo.

Watu hudhani majedwali haya ni kipimo cha sumu, kwamba la Kwanza ni kali kuliko la Pili. Sivyo. Chukua mirungi unayoijua. Kwenu ni dawa ya kulevya, mtu anafungwa. Vuka Namanga uingie Kenya, inaitwa miraa, ni zao la biashara, na gari lake likitoka Meru lina haraka kuliko ambulansi. Marekani wao wana utaratibu wao: jani bichi lenye kichocheo kiitwacho katinoni liko Jedwali la Kwanza, bega kwa bega na LSD, jani likikauka, katinoni ikavunjika ikabaki kathini iliyo hafifu, linashuka hadi Jedwali la Nne, jirani na diazepamu, dawa ya kutuliza wasiwasi. Jani lilelile, kutoka mti uleule. Na fentanili, dawa kali ya maumivu ambayo miligramu 2 tu zinaweza kumuua asiyeizoea, iko Jedwali la Pili, kwa sababu hospitali zinaitumia. Jedwali la Kwanza basi halisemi dawa inaua. Linasema haina kazi hospitalini.

Ukilielewa hilo umeshauona mtego. Ili dawa itoke Jedwali la Kwanza lazima ionekane ina matumizi ya tiba. Ili ionekane hivyo, yahitajika majaribio makubwa kwa wagonjwa. Na kuwa Jedwali la Kwanza ndiko kunakoyafanya majaribio hayo yawe taabu. Umeruhusiwa kuvuka mto, ila mtumbwi umefungwa ng'ambo.

Hebu uingie nami chumbani nilikofanya kazi. Daktari yeyote wa Marekani mwenye usajili wa kawaida anaweza kuagiza mofini au fentanili, na kwa usajili huohuo akafanya nayo utafiti. Silosaibini sivyo. Kila dawa ya Jedwali la Kwanza ilihitaji usajili wa peke yake kutoka DEA, kikosi cha serikali kuu cha kupambana na dawa za kulevya, ukiambatana na mpango kamili wa utafiti: dozi ngapi, kwa nani, itakaa wapi, nani ataigusa. Ukibadilisha idadi ya dozi, unaandika tena. Sefu yetu ilikuwa imefungwa sakafuni kwa bolti, ndani ya chumba chenye kengele ya hatari, na chumba hicho ndani ya duka la dawa lenye kufuli lake. Tulikuwa tukiingia wawili. Mmoja anahesabu kwa sauti, mwingine anaandika, wote tunasaini.

Siku moja mzigo ulifika, kapsuli moja imepasuka njiani. Miligramu 25, unga mweupe ambao ungekaa juu ya kucha ya kidole kidogo. Tulipima kilichobaki kwa mizani, tukapima pamba tuliyopangusia, tukapima glavu. Daftari likasainiwa, taarifa ya upotevu ikaandikwa, kisha karatasi za kuteketeza mabaki. Ilituchukua siku mbili za kazi. Ghorofa ya chini, wakati huohuo, wauguzi walikuwa wakichomoa ampuli za fentanili kwenye kabati la kawaida la wodini, kwa namba ya siri na alama ya kidole, sekunde ishirini kila mmoja. Silalamiki juu ya ulinzi. Dawa ni dawa. Nakuonyesha tu gharama ya jedwali, kwa sababu mtu anayelipa siku zangu mbili ni mradi, na mradi wa daktari kijana hauna fedha hizo.

Fedha ndiyo iliyoumiza kuliko vibali, na hapa nakubaliana nusu na wenzako. Baada ya 1970 utafiti haukukatika siku ileile. Kule Maryland, katika kituo cha utafiti wa magonjwa ya akili cha Spring Grove, waliendelea kuwapa watu silosaibini na LSD kwa kibali cha serikali hadi katikati ya miaka ya 1970 na kidogo zaidi. Ukazimika taratibu, kama koroboi iliyoishiwa mafuta. Wafadhili walihama. Wakuu wa idara waliwashauri vijana wao watafute mada nyingine, maana nani atampandisha cheo mtu wa LSD? Taasisi kuu ya utafiti wa afya ya nchi ile, NIH, mfadhili mkubwa kuliko wote duniani wa utafiti wa tiba, haikutoa ruzuku ya kujaribu tiba kwa dawa ya namna hii kwa takriban nusu karne, hadi 2021, ilipowapa watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins karibu dola milioni 4 kujaribu silosaibini kwa wanaotaka kuacha sigara.

Hasara yake ni nini? Kuna mfano mmoja unaonikera. Kati ya 1966 na 1970 zilichapishwa tafiti sita za LSD kwa walevi wa pombe, zenye kundi la kulinganisha, jumla ya watu 536. Kila moja peke yake ilikuwa ndogo mno kutoa jibu. Hakuna aliyezikusanya pamoja hadi mwaka 2012, watafiti wawili wa Norway walipofanya hesabu: asilimia 59 ya waliopata LSD walikuwa na nafuu katika tathmini ya kwanza, dhidi ya asilimia 38 ya wengine. Takwimu hizo zilikuwa kwenye rafu za maktaba muda wote. Hakuna sheria iliyokataza kuzisoma. Lakini nani angehangaika kusoma juu ya dawa ambayo serikali imeshaandika kwamba haina kazi?

Wa kwanza kuufungua mlango alikuwa Rick Strassman wa Chuo Kikuu cha New Mexico, aliyetaka kuwachoma watu DMT na kupima mapigo ya moyo, homoni na joto la mwili. Alizunguka miaka miwili. FDA haikuweza kumpa ruhusa bila kuona sifa za dawa yenyewe. DEA haikuweza kumruhusu kuwa na dawa bila ruhusa ya FDA. Na hakukuwa na kiwanda kinachotengeneza DMT ya kumdunga binadamu. Mwisho mkemia mmoja, David Nichols wa Chuo Kikuu cha Purdue, akamtengenezea. Mwaka 1990 Strassman alianza, na katika miaka mitano aliwapa watu wapatao 60 dozi karibu 400. Jambo la kukumbuka ni kwamba hakubadilisha sheria hata herufi moja. Alionyesha tu kwamba msitu una njia, na waliokuja nyuma wakakanyaga nyayo zake. Silosaibini iliyotumika katika utafiti maarufu wa Roland Griffiths huko Johns Hopkins, uliochapishwa 2006 kwa watu 36, nayo ilitoka kwa Nichols.

MDMA, ambayo vijana wa dansi huiita ecstasy, ina kisa chake, na ndicho kinachoonyesha sheria ikitangulia sayansi waziwazi. Hadi 1985 haikuwa marufuku, na baadhi ya wanasaikolojia walikuwa wakiitumia na wateja wao kimyakimya. Mwaka huo DEA iliingiza mkono wa dharura, ikaitia Jedwali la Kwanza. Wataalamu wakapinga. Jaji wa utawala wa DEA yenyewe, Francis Young, akasikiliza ushahidi na mwaka 1986 akapendekeza Jedwali la Tatu, ambamo madaktari wangeweza kuendelea kuichunguza. Mkuu wa DEA akakataa. Mahakama ya rufaa ikasema 1987 kwamba tafsiri ya DEA juu ya matumizi ya tiba yanayokubalika ilikuwa na kasoro. DEA ikaandika sababu upya, na Machi 1988 MDMA ikarudi palepale.

Shirika dogo lililoanzishwa 1986 kwa ajili ya vita hiyo, MAPS, lilipata ruhusa ya FDA ya kuwajaribu watu wenye kiwewe mwaka 2001. Mgonjwa wa kwanza alipewa dawa 2004. Katikati, jarida la Science lilichapisha makala iliyodai MDMA inaharibu ubongo wa nyani kwa kiwango cha kutisha, kamati za maadili zikaogopa, kisha mwaka 2003 makala ikafutwa: nyani wote isipokuwa mmoja walikuwa wamepewa methamfetamini, dawa nyingine kabisa, kwa sababu chupa zilikuwa na lebo zisizo zake. Mfamasia hucheka kisa hiki, halafu anakwenda kuangalia lebo zake.

Matokeo ya mwisho yalikuwa mazuri. Katika jaribio la 2021, asilimia 67 ya waliopata MDMA pamoja na mazungumzo ya tiba hawakuwa tena na dalili za kutosha kuitwa wagonjwa, dhidi ya asilimia 32 waliopata mazungumzo na kidonge cha kuzuga. Hata hivyo, Agosti 2024 FDA ilikataa kuidhinisha, ikataka jaribio jingine. Hapa siwezi kuisingizia sheria ya 1970. Karibu kila mshiriki alijua alichopewa, lile fumbo la 1962. Kumbukumbu za madhara zilikuwa na mapengo. Na katika jaribio la awali huko Kanada kulikuwa na tabia mbaya ya watabibu kwa mgonjwa, jambo lisilovumilika. Sheria ninaitaja kwa mkono wa kushoto tu: ilizifukuza kampuni kubwa zenye uzoefu wa majaribio, kazi ikaachiwa shirika la wapenzi wa dawa, na mpenzi huona pungufu.

Sasa swali lako la mwisho, mbona zimerudi na sheria ipo palepale. Zimerudi kwa fedha za watu binafsi. Matajiri walichangia, kisha zikazaliwa kampuni, na vyuo vikapata ujasiri. FDA nayo ilibadilika mapema kuliko DEA. Silosaibini kwa sonona ilipewa mwaka 2018 hadhi ya dawa ya kuharakishwa. Ukitaka kuona mabadiliko kwa macho, angalia mgao, maana serikali kuu ndiyo inayopanga kila mwaka gramu ngapi za dawa hizi zitengenezwe nchi nzima. Silosaibini ilikuwa gramu 30. Mwaka 2021 ikapandishwa hadi 1,500, na 2022 hadi 8,000. Gramu 30 ni dozi 1,200 za miligramu 25, kwa nchi ya watu zaidi ya milioni 300. Na Julai 2025 ilisainiwa sheria ya fentanili iliyobeba ndani yake kifungu ambacho magazeti hayakukitazama sana: mtafiti mwenye kibali cha FDA au ruzuku ya serikali, na ambaye tayari ana usajili wa Jedwali la Kwanza au la Pili, atatoa taarifa na kuanza baada ya siku 30. Wenzake wa chuo kilekile hawahitaji tena kila mmoja kufungua jalada lake. Mimi nilipokisoma niliwaza ile kapsuli iliyopasuka.

Majimbo nayo yameleta vichekesho vyake. Oregon na Colorado yameruhusu uyoga kwa kura za wananchi, 2020 na 2022. Mtu mzima anaingia kituo chenye leseni ya jimbo la Oregon, analipa, anakula uyoga mbele ya msimamizi. Mtafiti wa chuo kikuu cha hapohapo hawezi kumpa uyoga huohuo, kwa sababu kwa serikali kuu ungali Jedwali la Kwanza. Atakaa pembeni na dodoso lake.

Darasani mwenzako akikuuliza ni kiasi gani hasa cha lawama kiende kwa sheria, usimpe hotuba. Mpe dawa mbili. Ketamini ilitengenezwa 1962, miaka minne baada ya silosaibini kutengwa. Nayo huleta maruweruwe. Umewaona wagonjwa wanavyoamka nayo. Nayo hutumiwa vibaya mitaani. Mwigizaji Matthew Perry alifariki Oktoba 2023 na uchunguzi ukaitaja. Tofauti ni moja: ketamini iliidhinishwa Marekani mwaka 1970 kama dawa ya nusukaputi, mwaka uleule wa majedwali, kwa hiyo haikuweza kuambiwa haina kazi hospitalini. Ilipokuja kuwekwa jedwalini mwaka 1999, ikawekwa la Tatu. Mwaka uliofuata watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale wakaijaribu kwa wagonjwa wa sonona wasiozidi kumi. Mwaka 2006 taasisi ya serikali ya afya ya akili ikarudia kwa 18, kwa fedha za serikali. Machi 2019 ndugu yake, esketamini, akaidhinishwa kwa sonona sugu. Miaka 19 toka jaribio dogo hadi dukani, mwendo wa kawaida wa dawa. Silosaibini, mkubwa wake kwa miaka minne, hadi mwaka 2025 unakwisha ilikuwa bado haijaidhinishwa. Si jedwali peke yake, narudia. Ila ukinyima jedwali sehemu yake ya lawama, ile tofauti utaieleza kwa nini?

Na hapo kwenu mnaingia kwenye hadithi bila kujua. China ilipopendekeza ketamini iingizwe katika mkataba wa 1971, jambo lililofikishwa Vienna Machi 2015, wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walisimama wakapinga, kama walivyokwisha kupinga kabla. Hoja yao haikuwa sonona wala maabara ya Yale. Ilikuwa kwamba katika hospitali za nchi maskini, pasipo na mashine wala daktari wa usingizi, mama anapasuliwa kwa ketamini, na ukiifungia kwa mkataba atapasuliwa kwa nini? Pendekezo likaahirishwa. Kwa hiyo ukiingia zamu, fungua kabati la chumba cha upasuaji uitazame ile chupa. Na ukitafuta mada ya tasnifu yako, anzia hapo. Kwa dawa hiyo hutahitaji sefu ya bolti.